Kuajiriwa, Kujiajiri, Kushirikiana: Somo la Lilongwe na Dzaleka

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza Kiswahili, hebu vitazame vitenzi vitatu ambavyo hatuachi kuvitumia tunapozungumzia kazi: kuajiriwa, kujiajiri na kushirikiana. Cha kwanza kimo katika kauli ya kutendwa. Mtenda ni mwingine, nawe ndiwe unayetendwa. Cha pili kina kiambishi -ji-, kinachokurudishia tendo lako mwenyewe. Mtenda ni wewe na mtendwa ni wewe. Cha tatu kimo katika kauli ya kutendana. Hakuna awezaye kukitimiza akiwa peke yake. Vijana wengi wa leo huambiwa kwamba mtu akichoka kuajiriwa, dawa yake ni kujiajiri. Mimi naona dawa hiyo ni nusu. Anayeacha ajira anahitaji kufika kwenye kitenzi cha tatu, na kitenzi hicho kina masharti ambayo jamii na sheria hazina budi kuyatimiza.

Ushahidi wangu nautoa Malawi: katika jiji la Lilongwe, na katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, yaliyoko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka jijini. Usishangae kwamba mwalimu wa Kiswahili anakupeleka katika nchi ya Kichewa. Wakazi wengi wa Dzaleka wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Redio ya jamii ya hapo inaitwa Yetu. Tamasha la sanaa lililoanzishwa huko mwaka 2014 na msanii Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kama Menes la Plume, linaitwa Tumaini. Hata mgeni asiyejua Kichewa, akijua Kiswahili tu, hukuta maneno anayoyaelewa.

Tuanzie jijini. Mtu anapoacha kazi ya kampuni, jambo la kwanza analolihesabu ni mshahara, na ni haki yake kulihesabu. Lakini ofisi humpa mtu mambo mengine ambayo hayaandikwi katika mkataba. Humpa watu wanaomwuliza, "Mbona jana hukuonekana?" Humpa mwenzake wa kuisoma barua kabla haijatumwa, na mwingine wa kumwambia kwamba hesabu zake zina kasoro. Humpa jina: mhasibu, karani, mhandisi. Humpa mahali pa kwenda na saa ya kurudi. Kiswahili hutofautisha kuacha kazi na kuachishwa kazi, na tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria. Ila asubuhi ya Jumatatu haitofautishi. Aliyeacha na aliyeachishwa wote huamka wakakuta hakuna anayewangoja.

Kisha huja tatizo la nyumbani. Katika familia zetu nyingi, mtu aonekanaye nyumbani mchana huhesabiwa kuwa hana kazi. Atatumwa sokoni, ataambiwa ampeleke mtoto kliniki, ataulizwa na wajomba lini atatafuta ajira, hata kama usiku kucha alikuwa akitengeneza tovuti ya mteja. Hapo ndipo kujiajiri kunapoonyesha upungufu wake. Kiambishi -ji- kimemweka huru kutoka kwa mwajiri, lakini pia kimemfungia ndani ya nafsi yake. Hana wa kumsahihisha, wala wa kumshuhudia kwamba anafanya kazi.

Ofisi za pamoja zilizaliwa kutokana na haja hii. Mwaka 2005, mtengenezaji programu Brad Neuberg alifungua mahali pa namna hiyo jijini San Francisco, Marekani. Alitaka kuunganisha mambo mawili yaliyoonekana kupingana: uhuru wa anayejitegemea na ushirika wa wanaofanya kazi mahali pamoja. Miaka mitano baadaye iHub ilifunguliwa Nairobi, ikawa mahali pa kukutania vijana wa teknolojia. Mwaka 2013 Rachel Sibande, mwanamke wa Malawi, alianzisha mHub jijini Lilongwe, kitovu cha kwanza cha teknolojia nchini humo, ambapo vijana hujifunza kutengeneza programu na hulelewa wanapoanzisha biashara zao. Hivyo kijana wa Lilongwe aliyeacha ofisi ya watu si lazima abaki chumbani na kompyuta yake. Kuna mlango mwingine anaoweza kuubisha.

Lakini tujihadhari, kwani meza ndefu na intaneti ya kasi havitoshi kuwafanya watu kuwa jamii. Kampuni ya WeWork, iliyoanzishwa New York mwaka 2010, iliweka neno "sisi" mwanzoni kabisa mwa jina lake. Ilikodisha majengo katika miji mingi ya dunia, na mwanzoni mwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 iliomba kinga ya mufilisi mahakamani. Sababu za anguko hilo ni nyingi, na kubwa ni mzigo wa kodi za majengo; hata hivyo, nalichukua kuwa onyo. Kukaa jirani na mtu na kulipa kodi kwa mwenye nyumba mmoja hakuwafanyi ninyi wawili kuwa "sisi". Wapangaji wa jumba moja wanaweza kuishi miaka mitano bila kujuana majina.

Ni nini basi kinachozaa "sisi"? Wazee wetu walilijibu swali hili kabla ya intaneti. Tazama upatu: watu kumi wanakubaliana kutoa kiasi fulani cha fedha kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua fungu lote, huku kijumbe akikusanya na kutunza zamu. Wakongo wana likelemba yao, na Wamalawi huwekeza na kukopeshana katika vikundi wanavyoviita banki mkhonde, yaani benki ya barazani. Upatu hauhitaji jengo. Unasimama kwa sababu kila mwanachama anawiwa na wenzake: nisipotoa leo, kuna mtu mwenye jina na sura ambaye hatapata zamu yake. Kazi ya ujima shambani ilikuwa na kanuni iyo hiyo. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na aliyekosa kwako bila sababu hana uso wa kutuita kwake.

Kwa hiyo ofisi ya pamoja yenye uhai utaitambua kwa yale wanachama wake wanayotendeana. Wanasomeana kazi. Wanapeana wateja. Wanaazimana vifaa. Wanakaripiana kwa adabu, na mmoja akiugua wanatembeleana. Viorodheshe vitenzi hivyo, msomaji, nawe utaona kwamba vyote vimeishia kwa -ana. Kwa upande mwingine, huwezi kusema "tunaajiriana". Sarufi haikukatazi, lakini hakuna asemaye hivyo, kwa kuwa katika ajira upande mmoja hutoa na mwingine hupokea amri.

Sasa twende Dzaleka, tukajaribu kauli hii mahali pagumu. Katika Kichewa, kuleka ni kuacha, na jina Dzaleka huelezwa kuwa kiapo cha mtu anayesema kwamba ameacha, hatarudia tena. Jina hilo linafanana na historia ya mahali penyewe, kwani wakati wa utawala wa Kamuzu Banda hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Miongoni mwao wamo walimu, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara ambao huko kwao walikuwa na ofisi, madarasa na maduka. Hawakuacha kazi kwa kuchoshwa na mwajiri. Waliikimbia vita, na kazi ikabaki nyuma.

Walipofika walikuta kitenzi cha kwanza kimefungwa. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1987, lakini iliweka pingamizi kwa baadhi ya vifungu, kikiwamo cha 17 kinachohusu kazi ya ujira na cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Sera iliyotokana na pingamizi hizo inamtaka mkimbizi akae kambini. Kwa miaka mingi haikutekelezwa kwa ukali, na wengi walifungua maduka mijini. Mwaka 2021 serikali iliagiza warudi Dzaleka. Amri hiyo ikapelekwa mahakamani, na Mei 2023 vyombo vya usalama vikaanza kuitekeleza jijini Lilongwe kwa kuwakusanya watu. Kwa aliyekuwa na duka mjini, kitenzi cha pili nacho kilivunjwa kwa siku moja.

Kilichobaki ni kitenzi cha tatu, na watu wa Dzaleka wamekifanyia kazi kwa bidii. Tangu mwaka 2010, shirika la Wajesuiti linaloendesha elimu ya juu kwa njia ya intaneti limewawezesha wakazi kusomea stashahada pale pale kambini. Remy Gakwaya, naye akiwa mkimbizi, alianzisha TakenoLab, maabara ambamo vijana hufundishana kompyuta na utengenezaji wa programu. Redio Yetu huwaweka watangazaji wa mataifa mbalimbali katika chumba kimoja. Tamasha la Tumaini huwaleta Wamalawi kambini kwa maelfu, na baadhi ya wageni hulala katika nyumba za wakimbizi wenyewe. Hapo aliyezoea kupokea msaada huwa mwenyeji. Anatandika kitanda, anapika, anamsindikiza mgeni.

Mahali kama hapo panamrudishia mtu yale ambayo mkataba wa ajira haukuyaandika. Mwalimu wa hesabu aliyekaa miaka bila darasa, akiketi mezani na kijana anayeandika programu, anaulizwa tena swali la hesabu. Amekuwa tena mtu wa kuulizwa. Karani anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza anaombwa asahihishe tafsiri ya mwenzake. Na pale ambapo kompyuta ni chache kuliko watu, zamu hufundisha uraia kuliko hotuba: ukizidisha saa yako, unamnyang'anya mtu unayemjua.

Hapa, hata hivyo, pana mtego, na ndio ulionifanya niandike makala haya. Ni rahisi kuisifu Dzaleka. Mgeni hufika, huona vijana wamezunguka meza, hupiga picha, na hurudi akisema, "Tazama ustahimilivu wa watu hawa!" Sifa hiyo, isiposemwa kwa uangalifu, huwa kisingizio. Humfanya msikilizaji aamini kwamba wakimbizi wamekwisha kujitengenezea njia, kwa hiyo sheria haina haja ya kubadilika. Lakini kijana aliyejifunza programu Dzaleka, akitaka kuketi meza moja na wenzake wa Lilongwe, anazuiwa na kibali cha kutoka kambini kabla hata ya kuzuiwa na nauli. Akipata mteja wa ng'ambo kupitia intaneti, bado anahitaji kitambulisho kinachokubalika ili afungue akaunti ya kupokelea malipo. Ujuzi anao na wenzake anao. Anachokosa ni ruhusa ya kuwa mtenda.

Na kauli ya kutendana, msomaji wangu, huhitaji watenda wawili. Huwezi kusema "tunasaidiana" ikiwa mmoja amefungwa mikono. Hapo sentensi sahihi ni "anasaidiwa", nasi tumerudi kwenye kauli ya kutendwa. Ndiyo maana nilisema mwanzoni kwamba kitenzi hiki kina masharti. Wanachama wanaweza kutimiza sharti la kuwiana. Sharti la kuwa huru kufanya kazi liko mikononi mwa serikali.

Bila shaka umewahi kuisikia methali isemayo, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Wengi huisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi nakuomba uisome pia kama wajibu wa mwenyeji. Methali haisemi kwamba siku ya tatu mgeni afukuzwe, wala kwamba azidishiwe chakula. Inasema apewe jembe. Na apewaye jembe amepewa na shamba la kulilimia, amepewa sehemu katika mavuno, na amepewa haki ya kusema neno wakati wa kugawana. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994. Kuna watu waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao. Siku ya tatu imepita zamani, na jembe bado linasubiriwa.

Najua lipo jibu la upande wa pili, na si jibu la kupuuzwa. Malawi ni mojawapo ya nchi maskini zaidi duniani. Vijana wake wengi hutegemea ganyu, vibarua vya siku chache mashambani na mijini. Mfanyabiashara mdogo wa Lilongwe anayeona duka la mgeni likistawi mtaani kwake ana haki ya kuuliza, "Na mimi je?" Pia wapo watakaosema kwamba mgawo wa chakula unapopunguzwa kwa uhaba wa fedha za wafadhili, kuzungumzia ofisi za pamoja ni anasa.

Nianze na hili la pili. Ni kweli kwamba meza haijazi sufuria. Lakini kadiri mgawo unavyopungua, ndivyo kumkataza mtu kufanya kazi kunavyozidi kukosa maana. Anayezuiwa kujilisha na asiyelishwa vya kutosha amefungiwa milango miwili kwa wakati mmoja. Ama kuhusu mfanyabiashara wa Lilongwe, jibu si kumwambia anyamaze. Jibu ni kuhakikisha kwamba kila fursa inayofunguliwa kwa mkimbizi inamfungukia na jirani yake Mmalawi. Jambo hili linawezekana, kwa sababu linafanyika. Shirika la There Is Hope, lililoanzishwa na Innocent Magambi, ambaye aliishi ukimbizini, huwahudumia wakimbizi pamoja na Wamalawi wanaoishi karibu na kambi. Na kwenye Tamasha la Tumaini, mwuzaji wa vyakula wa Dowa na fundi cherehani wa Kongo hupata wateja walewale siku ileile.

Majirani wetu nao wametoa mifano. Tanzania iliwapa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ilikuwa ni kuwapa jembe kwa maana yake halisi. Walilima, wakauza, wakalipa kodi, na baadaye zaidi ya 160,000 kati yao na wazawa wao wakapewa uraia. Uganda, kwa sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006, ilitambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Hakuna nchi kati ya hizo isiyo na kasoro zake katika jambo hili, na sera za Tanzania zenyewe zimebadilika sana tangu wakati huo. Lakini mifano hiyo yatosha kuonyesha kwamba nchi isiyo tajiri yaweza kumpa mgeni nafasi ya kutenda bila kuporomoka.

Sasa nikurudie wewe. Huenda uko mbali na Malawi. Huenda umeacha kazi ya ofisini hivi karibuni, au unafikiria kuiacha, na umesikia habari za ofisi ya pamoja mjini kwako. Nenda ukaitazame, lakini usihesabu viti wala usipime kasi ya intaneti tu. Jiulize maswali matatu. La kwanza: ni nani hapa anayejua ninafanya kazi gani, kiasi cha kuweza kunisahihisha? La pili: nisipofika kesho, ni nani nitakayekuwa nimemwangusha? Usipopata jibu la maswali hayo, umekodi meza tu, na meza unayo nyumbani. La tatu ndilo swali la uraia: ni nani asiyekuwepo mezani, na ni nini kilichomzuia? Pengine ni ada. Pengine ni ngazi ambazo mwenye ulemavu hawezi kuzipanda. Pengine, kama ilivyo kati ya Dzaleka na Lilongwe, ni sheria.

Swali hili la tatu ndilo gumu, kwa kuwa ushirika una tabia ya kujitosheleza. Waliomo ndani wakishapata joto la kuwa pamoja, husahau kuutazama mlango. Neno "yetu" hujumuisha, lakini pia laweza kutenga, kutegemea ni nani anayelitamka na ni nani aliyeachwa nje akilisikia. Watu wa Dzaleka waliliita redio yao jina hilo, na hutangaza kwa lugha zaidi ya moja ili hata jirani Mmalawi aweze kuisikiliza. Ningependa kuliona neno hilo likitumiwa hivyo hivyo katika ofisi za pamoja za Lilongwe, Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko.

Zoezi la wiki hii ni fupi. Andika sentensi tatu kuhusu mahali unapofanyia kazi au unaposomea: moja katika kauli ya kutendwa, moja yenye kiambishi -ji-, na moja katika kauli ya kutendana. Katika hiyo ya tatu, mtaje kwa jina mtu aliye upande wa pili wa tendo. Ukikosa wa kumtaja, usiifute sentensi. Iache wazi, kisha kesho asubuhi mtafute mtu wa kuijaza.